Sivuti sigara, lakini nakaa na wanaovuta: naathirika kiasi gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Mbagala kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Sijawahi kuvuta sigara hata siku moja. Baba watoto anavuta, mzee wa chumba cha mbele anavuta, na jioni nafanya kazi ya uhudumu kwenye baa, ambako ndiko kwenye moshi hasa. Sasa ni kama miezi miwili nina kikohozi kisichoisha, na nikibeba ndoo ya maji kifua kinabana. Watu wananiambia moshi wa sigara ya mwenzio unaweza kukupa saratani. Mume wangu anasema ni maneno ya kutishana tu, kwa sababu anafungua dirisha na feni inawaka. Nani mkweli? Kuna kipimo cha kujua nimeathirika kiasi gani? Na yeye anasema atahamia kwenye shisha, eti moshi wake unapita kwenye maji. Naomba unijibu kwa urefu.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo na nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio uliouleta. Naanza na kikohozi, kwa sababu hicho hakiwezi kusubiri wewe na mumeo mmalize kubishana.

Kikohozi cha miezi miwili katika nchi yetu huanza kwa kupimwa makohozi, sigara inafuata baadaye. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, unapimwa kifua kikuu, uwe umekonda au hujakonda, uwe unatoka jasho usiku au hutoki. Nenda kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe. Kipimo cha TB na dawa zake ni bure. Acha kuzunguka maduka ya dawa ukinunua chupa moja baada ya nyingine ya dawa ya kikohozi. Na usidhani kwamba kwa kuwa nimetaja TB, basi moshi umesamehewa. Moshi wa sigara unadhoofisha kinga ya mapafu, na tafiti za nchi mbalimbali zimeuhusisha na kuugua TB hata kwa watu wasiovuta. Vyote viwili vinaweza kukutana katika kifua kimoja.

Makohozi yakiwa safi, la pili ni pumu. Wengi wanaamini pumu ni ya utotoni. Si kweli, huweza kumwanza mtu mzima, na moshi ni mchokozi wake mkubwa. Jichunguze: kikohozi kinazidi usiku ukishatoka kazini? Siku yako ya mapumziko unapata nafuu? Ukilala unasikia filimbi kifuani? Majibu hayo yatamsaidia daktari kuliko unavyodhani. Atakupulizisha kwenye kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, na kama ni pumu kuna dawa za kuvuta kwa mdomo zinazofanya kazi vizuri. La tatu ni moyo. Kifua kubana kwa mama wa umri wako mara nyingi si moyo, lakini kwa kuwa kunakuja unapofanya kazi nzito, upimwe presha na umeme wa moyo, halafu tulale usingizi.

Ukifika kwa daktari kuna swali utaulizwa, nalo linanikera kila nikiona faili: "Unavuta sigara?" Utajibu hapana, ataandika hapana, na mazungumzo yataishia hapo. Faili lako litasomeka sawa na la mtu ambaye hajawahi kukaa chumba kimoja na mvutaji. Usikubali. Sema mwenyewe, hata kama hujaulizwa: mume anavuta ndani, pakiti au nusu pakiti kwa siku, kazini nakaa kwenye moshi kuanzia saa fulani mpaka saa fulani, napikia mkaa au kuni. Sentensi tatu hizo zibebe mpaka kwenye chumba cha daktari.

Sasa nani mkweli? Mumeo amekosea, ila na waliokuambia habari ya saratani wamekupa nusu ya habari, tena nusu iliyo ndogo.

Tuanze na moshi wenyewe. Sigara inapowaka inatoa moshi wa namna mbili. Kuna ule anaouvuta mwenyewe kupitia kichungi kisha akautoa puani, na kuna ule unaopanda taratibu kutoka kwenye ncha ya sigara wakati ameishika tu mkononi, anaongea, anaangalia simu. Huo wa pili ndio sehemu kubwa ya moshi unaojaa chumbani, kama asilimia 85. Haukupita kwenye kichungi chochote. Na kwa kuwa ncha inaungua kwa joto dogo zaidi wakati havuti, tumbaku haiungui sawasawa, kwa hiyo gramu kwa gramu moshi huo una sumu nyingi kuliko ule anaouvuta yeye. Ndani yake kuna zaidi ya kemikali 7,000, na angalau 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani.

Mumeo anaweza kusema, lakini wewe unapata kidogo. Ni kweli. Ukipima masalia ya nikotini mwilini mwa mtu asiyevuta anayeishi na mvutaji, utakuta ni sehemu ndogo sana ya kile alichonacho mvutaji, karibu asilimia 1. Kwa hesabu ya kawaida, mtu angetegemea madhara nayo yawe asilimia 1. Kwa saratani, hesabu hiyo inakwenda kwa kiasi fulani, kadiri unavyovuta moshi mwingi na miaka mingi ndivyo hatari inavyopanda. Kwa moyo hesabu inavunjika. Moyo na mishipa ya damu havihitaji moshi mwingi. Kiasi kidogo kinatosha kufanya chembe za damu zinate, ukuta wa ndani wa mishipa ukakamae, na damu igande kirahisi. Mwaka 2001 watafiti wa Osaka, Japani, waliwaweka vijana wasiovuta kwenye chumba chenye moshi wa sigara kwa dakika 30 tu, kisha wakapima uwezo wa mishipa ya moyo wao kuongeza mtiririko wa damu. Ulishuka ukakaribia ule wa wavutaji wenyewe. Ni dakika thelathini tu! Wewe zamu moja ya baa ni saa ngapi?

Ndiyo maana nasema wanaokutishia saratani wamekupa nusu ndogo. Wataalamu waliokusanya takwimu za nchi 192 kwa mwaka 2004, na kuchapisha matokeo mwaka 2011, walikadiria kwamba moshi wa sigara za wengine uliua watu 603,000 mwaka huo. Kati yao, 379,000 walikufa kwa ugonjwa wa moyo. Saratani ya mapafu iliua 21,400. Magonjwa ya njia ya hewa, hasa nimonia za watoto wadogo, yaliua 165,000. Na karibu nusu ya marehemu wote walikuwa wanawake, ingawa duniani wavutaji walio wengi ni wanaume. Makadirio ya karibuni ya Shirika la Afya Duniani yamepanda yakapita milioni moja kwa mwaka. Mimi nikimwona mama kama wewe, kichwani mwangu wa kwanza ni moyo, kisha mapafu kwa maana ya pumu na nimonia, kisha mtoto aliye nyumbani. Saratani ipo, ila imekaa nyuma kwenye foleni.

Ipo kweli, lakini. Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wake 91,540 wasiovuta kwa miaka 14. Wale ambao waume zao walikuwa wavutaji wakubwa walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Kampuni za tumbaku zilimpiga vita kwa miaka, wakatafuta wataalamu wa kumkosoa, lakini tafiti zilizofuata katika nchi nyingine zikatoa jibu lilelile. Leo makadirio yanayokubalika ni kwamba kuishi au kufanya kazi na wavutaji kunaongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30, na ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30. Asilimia hizi zisikupe presha bure. Tuseme katika wanawake 100 wa namna yako 10 wangepata ugonjwa wa moyo maishani bila moshi wowote. Wakiishi kwenye moshi watakuwa 12 au 13. Kwa mtu mmoja ni nyongeza ndogo, kwa mtaa mzima ni misiba mingi, na hujui wewe uko upande gani.

Tuje kwenye dirisha na feni, maana ndiyo hoja kuu ya baba watoto. Chembe za moshi wa sigara ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata sehemu ya elfu moja ya milimita. Hazianguki chini kama vumbi la ufagio. Zinaelea hewani kwa saa kadhaa baada ya sigara kuzimwa, wakati jicho halioni kitu na pua imeshazoea. Feni kwa moshi ni mwiko kwenye uji: inakoroga tu, haipunguzi. Inauchukua moshi uliokuwa kwenye kona ya mumeo na kuusambaza mpaka kwenye kitanda cha mtoto. Dirisha linasaidia kidogo upepo ukiwa unatoka ndani kwenda nje, lakini Mbagala jioni upepo hauna ratiba, na dirisha lenye nyavu ya mbu upande mmoja tu wa chumba, bila tundu la upande wa pili, halipitishi hewa ya maana. Wataalamu wa Marekani waliopitia ushahidi wote mwaka 2006 walisema wazi: kutenganisha wavutaji na wasiovuta ndani ya jengo moja, kusafisha hewa kwa mashine, au kuongeza feni haviondoi hatari. Na hakuna kiwango cha moshi huu kinachojulikana kuwa salama.

Ukitaka ushahidi wa kumwonyesha, zima feni, chukua kitambaa cheupe chenye maji kidogo na sabuni, pangusa juu ya panga lake. Vumbi la kawaida ni la kijivu na linatoka kirahisi. La kwenu litakuwa na ukahawia, linanata kwenye vidole, na lina harufu. Hicho kilichoganda kwenye panga ndicho kilichopita kifuani mwenu kikiwa njiani. Kimeshika pia kwenye chandarua, kwenye pazia, kwenye mto, na mtoto anayetambaa anakigusa na kukilamba.

Na tafadhali, acheni kuchoma udi ili kuua harufu ya sigara. Naupenda udi, nami ni mtu wa pwani, lakini udi nao ni moshi. Harufu ya sigara inafichika, sumu zinabaki palepale, na umeongeza nyingine juu yake.

Nikienda kazini kwako, huko ndiko kwenye kisa chenyewe. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika Tanzania mwaka 2018 uligundua kwamba wanaotumia tumbaku hawafiki hata mmoja kati ya kumi, na kwa wanawake ni wachache zaidi. Lakini moshi wao unafika mbali kuliko wao. Kama mtu mzima mmoja kati ya saba anapata moshi huo nyumbani. Kwa wanaofanya kazi ndani ya majengo, karibu theluthi moja wanaupata kazini. Na kwa waliotembelea baa na kumbi za starehe, ni kama watatu kati ya wanne. Hao ni wateja, waliokaa saa mbili wakaondoka. Utafiti wa namna hiyo hauoneshi vizuri mhudumu anayeingia saa kumi jioni na kutoka saa sita au saa saba usiku, siku sita kwa wiki.

Sheria unayo, ila imetoboka. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inazuia kuvuta katika maeneo ya umma iliyoyataja, lakini inaacha nafasi ya kutenga sehemu ya wavutaji. Kwa baa nyingi "sehemu ya wavutaji" maana yake ni popote alipokaa mvutaji. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao ibara yake ya 8 inazitaka nchi zimlinde mtu na moshi katika sehemu za kazi za ndani, na miongozo ya ibara hiyo haitambui vyumba vya wavutaji kama ulinzi. Wenzetu Uganda waliandika sheria mwaka 2015 inayokataza kuvuta ndani ya maeneo yote ya umma na ya kazi na hata ndani ya mita 50 kutoka hapo. Utekelezaji ni habari nyingine, lakini angalau mhudumu wa Kampala ana kifungu cha kushika mkononi. Sisi ni nchi inayolima tumbaku Tabora, Urambo, Chunya; fedha zake zinaingia hazina na kila mtu anaziona, gharama zake zinaingia wodini na hakuna anayezijumlisha. Nadhani hapo ndipo uzito ulipo, ingawa hakuna kiongozi atakayekwambia hivyo.

Kwamba kuondoa moshi baa kunasaidia wahudumu, na haraka, hilo halina ubishi tena. Scotland ilipiga marufuku kuvuta ndani ya baa na migahawa Machi 2006. Huko Dundee walikuwa wamewapima wahudumu wa baa kabla: asilimia 79 walikuwa na dalili za njia ya hewa au kuwashwa macho, pua na koo. Mwezi mmoja baada ya sheria walibaki asilimia 53, miezi miwili asilimia 47. Hawakutumia dawa yoyote. Na hospitali za Scotland zilizofuatiliwa ziliona waliolazwa kwa shambulio la moyo wakipungua kwa asilimia 17 mwaka uliofuata. Kwa watu ambao hawajawahi kuvuta kabisa, walipungua kwa asilimia 21. Namba hiyo ya mwisho mwonyeshe mumeo.

Ufanye nini wewe, kesho, na kazi unaihitaji? Sitakwambia ugombane na bosi. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akulinde na madhara ya kazi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wapo, lakini najua mhudumu anayelalamika peke yake siku ya Jumatatu anavyoweza kuambiwa Jumanne asije. Kwa hiyo usiende peke yako. Waulize wenzio wa zamu: nani anakohoa, nani macho yanamuwasha, nani ana mimba. Mtashangaa. Mkienda watatu au wanne, ombeni jambo dogo linalowezekana: wavutaji wakae viti vya nje, na kaunta na ukumbi wa ndani usivutwe. Msimpelekee hotuba ya afya. Mwambieni wateja wa familia wanaokuja kula nyama choma Jumapili wanakimbia meza zilizo karibu na wavutaji, na nyie mnawaona kwa macho. Wakati mnasubiri, omba upangiwe meza za nje, mbali pia na jiko la kuchomea, maana moshi wa nyama choma nao hauna huruma na kifua chenye pumu. Ukifika nyumbani badilisha nguo kabla hujamshika mtoto.

Nyumbani ni kwepesi kidogo kwa sababu anayevuta anakupenda. Kosa ninaloliona ni kuanza na vitisho. Amevisikia vyote, vimeandikwa kwenye pakiti anayoifungua kila siku. Anza na ombi moja lisilo na tafsiri mbili: ndani hapavutwi. Hakuna "dirishani", hakuna "mlangoni", hakuna "mvua inanyesha leo", hakuna "ni mechi ya Simba na Yanga". Hujamwambia aache sigara, umemwambia atoke nje, tena hatua kadhaa kutoka mlangoni, kwa sababu akisimama kizingitini moshi unarudi ndani naye. Ombi hilo ni rahisi kulikubali kuliko "acha sigara", na linafanya jambo la pili ambalo hatalitambua mara moja: kila sigara inayotaka safari ya nje inafikiriwa mara mbili, na wengine huanza kupunguza bila kuambiwa.

Kutoka nje hakumalizi yote. Watafiti wa San Diego, Marekani, waliwapima watoto wachanga mwaka 2004 wakakuta kwamba kwenye nyumba ambazo wazazi wanavutia nje, kiasi cha moshi kilichowafikia kilikuwa bado mara tano hadi saba ya kile cha nyumba za wasiovuta, kwa sababu moshi unarudi na shati, nywele na mikono. Lakini nyumba walizovutia ndani zilikuwa juu ya hapo mara tatu hadi nane tena. Kwa hiyo anawe mikono, avue shati alilovutia, kisha ndipo ampakate mtoto. Na fua mapazia, chandarua na foronya. Hivyo vimehifadhi moshi wa miaka.

Akiwa tayari kuacha, muulize sigara ya kwanza anaivuta saa ngapi. Kama ni ndani ya nusu saa baada ya kuamka, mwili wake umeshikwa na nikotini sawasawa, na "jikaze tu" haitamtosha. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote: hasira, kukosa usingizi, kichwa kuuma, wiki mbili hadi nne baadaye hali inatulia. Mvumilie, ajue unajua. Zipo dawa za kusaidia, bigijii na plasta za nikotini, na vidonge vya kuandikiwa na daktari, na Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Si kila duka la dawa linaziweka, ulizeni kwenye famasi kubwa. Njoo naye siku ya kliniki yako. Mwanaume anayepuuza maneno ya mkewe husikiliza ajabu akiambiwa yaleyale na mtu mwenye koti jeupe.

Mzee wa chumba cha mbele ni wa kuendewa kwa adabu. Sheria haiingii chumbani kwake, na ukianza na mjumbe kabla hujamwendea mwenyewe umeshamfanya adui. Mpelekee shikamoo, mwambie daktari amekukataza moshi kwa ajili ya kifua, muombe tu asivutie kwenye korido na sehemu ya kupikia, ambazo ni za wote. Sababu ya ugonjwa inamwachia heshima yake. Hujamwambia ana tabia mbaya. Akikataa, mwenye nyumba anaweza kuweka kanuni kwa korido na uani, kama anavyoweka za choo na maji.

Kuna moshi mmoja hukuutaja na lazima niulize: unapikia nini, na wapi? Kama ni mkaa au kuni kwenye korido hiyohiyo, usimbebeshe baba watoto lawama zote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majiko ya kuni, mkaa na mafuta ya taa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa kifua chako mioshi hiyo inajumlishwa. Pikia uani, koleza jiko nje mpaka mkaa ushike kabla ya kuliingiza kibarazani, na kamwe usilale na jiko la mkaa ndani, hata likionekana limekufa, maana hewa yake isiyo na harufu inaua usingizini. Ukiweza kununua hata mtungi mdogo wa gesi kwa mapishi ya haraka, chai na kupasha kiporo, umepunguza sehemu kubwa.

Kipimo ulichouliza kipo. Kinaitwa kipimo cha kotinini, yaani masalia ya nikotini, kwenye damu, mate au mkojo. Sikushauri ukitafute. Kotinini inapungua nusu kila baada ya saa 16 hadi 20 hivi, kwa hiyo kitakuambia ulikaa kwenye moshi juzi na jana, jambo ambalo unalijua tayari. Hakisemi lolote kuhusu miaka kumi iliyopita wala moyo wako ukoje. X-ray nayo haina alama ya "moshi wa mume". Fedha hiyo itumie kwenye makohozi, pumzi, presha na sukari, kwa sababu moshi pamoja na presha isiyotibiwa ni hatari kuliko kimoja peke yake. Habari njema ni kwamba mishipa ya damu huanza kupata nafuu mapema moshi ukiondoka. Wale wahudumu wa Dundee hawakusubiri miaka.

Shisha, hapana. Maji yanaupoza moshi, hayausafishi. Kwa kuwa umepoa unavutwa kwa wingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na kikao kimoja kinaweza kumpa mtu moshi mwingi kuliko wa sigara kadhaa kwa mpigo. Juu yake kuna mkaa unaowaka, unaotoa hewa ileile ya sumu niliyoitaja kwenye jiko. Wewe uliyekaa pembeni unapata vyote viwili, wa tumbaku na wa mkaa. Tena Tanzania iliipiga marufuku tangu mwaka 2016. Sigara za umeme nazo zisiwe mlango wa kurudi kuvutia ndani: mvuke wake una nikotini na chembe ndogo, na kanuni ya "ndani hapavutwi" inazihusu vilevile.

Makohozi yapimwe wiki hii. Ukikohoa damu, ukipata homa za jioni, ukikosa pumzi hata umekaa, au kifua kikibana na maumivu yakashuka mkono wa kushoto au kupanda shingoni, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa katikati ya zamu.